Hali ya Moyo wa Mtoto Shuleni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walezi

Maswali haya tunaulizwa getini, kwenye simu, na mara nyingi mwishoni kabisa mwa kikao kilichoitishwa kwa jambo lingine, mzazi akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. "Samahani mwalimu, kabla sijaondoka..." Hilo la mlangoni ndilo lililomleta. Hatukuyapanga kwa uzito wake. Na tunaposema mzazi tunamaanisha yeyote anayemlea mtoto: mama, baba, bibi, mjomba, dada mkubwa, mama wa kambo.

Mwanangu ameitwa kwa mwalimu wa unasihi. Ina maana ana ugonjwa wa akili?

Hapana. Wengi wanaopita chumba cha unasihi wamegombana na rafiki, wamepata mdogo wao wa kwanza, wamehamia kutoka shule nyingine, au wameanza kulia bila mtu kujua kwa nini. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii, si kukosa maradhi tu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuhitaji kusikilizwa bila kuwa mgonjwa, kama vile anavyohitaji miwani bila kuwa kipofu.

Mwalimu wa unasihi si daktari. Hapimi, haandiki dawa, wala hampi mtoto jina la ugonjwa. Anamsikiliza, anacheza naye, anazungumza na mwalimu wa darasa, na jambo likimzidi anasema limemzidi. Tukiri kwamba jina la chumba limetisha wazazi kuliko chumba chenyewe. Watoto wao wanakiita "kule kwenye mito", na hatujaona anayeona haya kwenda.

Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi. Si anaigiza huyu?

Anza kwa mhudumu wa afya, hasa kukiwa na homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito, au maumivu yanayomwamsha usiku. Hayo hayasubiri mazungumzo. Ukishaambiwa hakuna ugonjwa, usirudi nyumbani na neno "anaigiza". Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu. Mtu akiogopa, misuli ya tumbo hukaza na mmeng'enyo wa chakula hubadilika. Kiswahili kimelijua hili zamani, ndiyo maana mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Maumivu ni ya kweli hata kama chanzo chake si chakula.

Sasa tafuta ratiba ya maumivu. Tuliwahi kuwa na mtoto wa darasa la pili aliyeumwa tumbo Jumatatu hadi Ijumaa kwa nusu muhula. Mama yake akawa anaandika kwenye daftari: saa lilipoanza, alikula nini, siku hiyo kulikuwa na kipindi gani. Sisi tulikuwa tunamtafuta mwalimu mkali au rafiki mbaya, na hatukumpata. Siku moja akichora ramani ya shule akapaka vyoo rangi nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Kumbe komeo la mlango lilikuwa limevunjika, na wakubwa walikuwa wakiusukuma kwa nje huku wakicheka. Yeye akaamua asinywe maji wala asiende haja mpaka arudi nyumbani. Fundi aliweka komeo jipya kwa dakika kumi. Tumbo halikupona siku ileile, lakini kabla ya muhula kwisha daftari la mama lilikuwa halina cha kuandikwa.

Wakati mnatafuta chanzo, jitahidi asizoee kubaki nyumbani. Kila siku anayobaki, hofu inapoa kwa muda, na ile nafuu inamfundisha kwamba dawa ni kutokwenda. Kama siku nzima ni nzito, tukubaliane vipindi viwili, kesho kutwa vitatu. Getini aga kwa ufupi. Mzazi anayerudi mara tatu kumkumbatia mtoto, akimtazama kwa macho yanayolengalenga, anamthibitishia kwamba mahali hapa pana hatari. Lakini ukituambia kwamba kuna mtu anayemtisha au kumuumiza hapa shuleni, hapo hatuzungumzii kumzoesha. Tunaanza na huyo mtu.

Nikimuuliza "shule ilikuwaje leo" anajibu "kawaida". Nifanyeje?

Swali lenyewe ni kubwa mno. Hata mtu mzima anayetoka kazini amechoka hujibu hivyohivyo. Jaribu dogo: "Leo nani alichekesha darasani?" "Ni wakati gani ulitamani kengele ilie?" Na usimkalishe mbele yako kama shahidi. Watoto huongea mkiwa bega kwa bega, mnaosha vyombo, mnatembea, mnakunja nguo.

Halafu mpe maneno. Watoto wengi wana mawili tu, "vizuri" na "vibaya", wakati lugha yetu imejaa. Anayenuna bado yupo mezani ila uso ameufunga. Anayesusa ameshaondoka mezani. Hasira huwaka ikaisha, kinyongo hulala ndani. Kuna simanzi, kuna upweke, kuna kiwewe, kuna wivu, na kuna ile hali ya kuona haya mbele ya watu. Tumia maneno haya kwa mambo yako mwenyewe mtoto akisikia: "Leo nilipata kiwewe nilipodhani nimepoteza funguo." Mwalimu mmoja hapa alimwambia mtoto wa miaka minane, "Naona umenuna." Mtoto akamsahihisha: "Sijanuna. Nina kinyongo." Mwalimu akauliza ni na nani, na mazungumzo yaliyokuwa yamegoma wiki nzima yakaanza hapo.

Hivi hamuoni kwamba mnamdekeza? Sisi tulichapwa tukanyooka.

Swali hili huulizwa zaidi na akina baba na mabibi, na tunaliheshimu kwa sababu halitoki kwa mtu asiyejali. Jibu letu ni kwamba kusikiliza hisia na kuruhusu tabia ni mambo mawili. Mtoto aliyempiga mwenzake kwa hasira anaambiwa, "Naelewa umekasirika. Kupiga hapana." Kisha anarekebisha alichoharibu: anaokota, anaomba radhi, anakosa mchezo alioupenda. Hakuna kilichodekezwa hapo.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu kufanya la kwanza linalomjia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka saba aliyepandisha hasira hana breki unayomdai. Kumchapa wakati huo kunamfundisha kumwogopa mwenye fimbo, na akitoka mbele ya fimbo breki bado hana. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili, hata ukitoka kwa wanaomlea.

Tunachowafundisha badala yake ni kitu cha kuushika mwili. Mtoto anafungua kiganja cha kushoto. Kwa kidole cha shahada cha kulia anapanda taratibu upande wa nje wa kidole gumba huku akivuta pumzi, kisha anashuka upande wa ndani huku akiitoa, kushuka kukiwa kwa polepole kuliko kupanda. Vidole vitano, pumzi tano. Pumzi ikitoka ndefu kuliko ilivyoingia, mapigo ya moyo hupungua kasi. Sharti ni moja: afundishwe akiwa ametulia, ikiwezekana akifanya na wewe kabla ya kulala. Ukilileta zoezi hili mara ya kwanza akiwa anarusha viatu, atakirusha na kidole.

Nitatofautishaje utundu wa kawaida na jambo zito?

Angalia mabadiliko kuliko tabia yenyewe. Mtoto ambaye tangu azaliwe ni mkimya, ukimya wake si habari. Aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ni habari. Ikipita wiki mbili au zaidi, ikaonekana nyumbani na shuleni pia, na ikamzuia kula, kulala, kucheza au kusoma, njoo. Usisubiri mpaka uwe na uhakika.

Nyumbani kuna msiba. Tumwambie babu amelala, au amesafiri?

Tunaomba msimwambie hivyo. Tumewaona watoto wanaoogopa kulala kwa sababu babu alilala hakuamka, na wanaokaa dirishani wakimsubiri aliyesafiri. Sema neno lenyewe, kwa upole: "Babu amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, haoni njaa, hasikii maumivu, na hatarudi." Imani ya familia yenu ina maneno yake juu ya kinachofuata, myaseme pia, lakini baada ya hayo.

Wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba kifo hakina kurudi na kwamba kinamfika kila mtu. Mdogo zaidi anaweza kuuliza kesho yake, "Babu anakuja lini?" Si kwamba hakusikiliza. Mjibu tena, kwa maneno yaleyale. Mkubwa kidogo huwa na swali lingine analolificha: "Ni mimi niliyesababisha?" Labda alimkasirikia babu, au alikataa kumpelekea maji. Usisubiri aulize. Mwambie si yeye.

Usishangae akilia dakika tano kisha akatoka kucheza mpira. Watoto huomboleza kwa vipande, wanaingia kwenye huzuni na kutoka. Kama anataka kuhudhuria mazishi, mweleze kwanza ataona nini, nani watalia na namna gani, na mpangie mtu mzima mmoja wa kukaa naye ambaye ataweza kuondoka naye akichoka. Asiyetaka asilazimishwe.

Kwetu, tupigie simu kabla hajarudi. Mwalimu wa darasa anahitaji kujua aliyefariki ni nani, mtoto ameambiwa nini, na kama angependa wenzake wajue. Hilo la mwisho muulizeni mwenyewe. Wapo wanaotaka darasa zima liambiwe kabla hawajaingia, na wapo wanaotaka shule ibaki mahali pamoja pasipozungumziwa msiba. Tujulishe pia tarehe ngumu zijazo. Mwaka mzima ukipita, watu wazima huwa wamesahau. Mtoto anaiona siku ile ikija.

Tunatengana na mwenzangu. Lazima niwaambie? Ni mambo ya ndani.

Ya ndani yabaki ndani. Hatuhitaji kujua nani alikosa. Tunahitaji kujua mtoto analala wapi siku zipi, nani anaruhusiwa kumchukua, nani apigiwe simu akiugua, na kama kuna amri yoyote ya mahakama. Tukijua hayo, mtoto asiyekuja na daftari Jumatatu hatutamgombeza. Tutaelewa limebaki nyumba ya pili.

Ombi letu ni mtoto asigeuzwe tarishi. "Mwambie baba yako..." ni mzigo mzito kwa mabega yale. Maelezo ayapate kutoka kwenu wote wawili kama mnaweza kukaa chumba kimoja, na asikie mambo mawili: kwamba hakusababisha, na kwamba hatakiwi kuchagua upande.

Mnazungumza nini na mwanangu? Kwa nini siambiwi kila kitu?

Utaambiwa tunachofanya, kwa nini, na kama anaendelea vizuri. Maneno yake mwenyewe tunamwachia yeye, na mara nyingi tunamsaidia apange namna ya kukuambia. Mtoto akijua kila neno linafika nyumbani kabla yake, ataacha kusema.

Lakini hatuahidi siri isiyo na mpaka, na mtoto tunamwambia hivyo siku ya kwanza. Akisema anaumizwa, au anataka kujiumiza, au mwenzake yuko hatarini, tutawaambia wanaoweza kumlinda. Kwa kawaida wa kwanza ni wewe. Kama hatari yenyewe iko nyumbani, tutafuata taratibu za ulinzi wa mtoto na huenda usiwe wa kwanza kujua. Tunaliandika hili wazi ili lisimshangaze mtu baadaye.

Mwanangu anaonewa. Nimemwambia arudishe kipigo. Nimekosea?

Umesema alichosema karibu kila mzazi. Shida yake ni kwamba kama angeweza kurudisha, asingeonewa. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, alitofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Wawili wanaolingana wakigombania mpira, huo ni ugomvi, tutawakutanisha wapatane. Kwenye uonevu hatuwakutanishi haraka hivyo. Kumkalisha anayeonewa mbele ya anayemwonea na kuwaambia "peaneni mikono" ni kumpa mwonevu nafasi nyingine.

Tuletee mahali, saa na majina aliyokutajia, hata kama huna ushahidi. Uonevu una pembe zake: nyuma ya madarasa, foleni ya maji, njia ya kwenda nyumbani, siku hizi na kwenye simu. Tukijua pembe, tunaweka mtu mzima pale. Tunazungumza pia na wale wanaosimama kutazama, maana kicheko chao ndicho mafuta ya moto ule.

Na kama mwanangu ndiye anayewaonea wenzake?

Simu hiyo huwa ngumu kuipokea, nasi tunajua. Hatukuitii hukumu. Tunataka kujua kama kuna anayemfanyia hivyohivyo mahali pengine, kama analala vya kutosha, kama masomo yamemshinda na anatafuta pa kuonekana. Wakati huohuo tabia inakoma leo, na aliyeumizwa anaombwa radhi. Usimpige ukifika nyumbani. Utakuwa unamthibitishia somo analotumia.

Amewekwa kwenye kikundi kidogo badala ya darasa lake. Ametengwa?

Bado ni mwanafunzi wa darasa lake na jina lake liko kule. Vikundi vya namna hii vilianzia London mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi ya mwanasaikolojia Marjorie Boxall, aliyeona watoto wengi wakiingia shule bila kuwa na mambo ambayo darasa linayadhania: kungoja zamu, kumwamini mtu mzima, kuvumilia kukosea. Kikundi kina watoto wachache na watu wazima wawili, ratiba isiyobadilikabadilika, na muda wa kula pamoja mezani. Lengo ni arudi darasani moja kwa moja, na tarehe ya kupima maendeleo utapewa tangu mwanzo. Usipopewa, idai.

Ameanza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha.

Akiwa amekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha ikarudi, apimwe kwanza: maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, au kisukari, hasa akiwa na kiu isiyoisha na anapungua uzito. Kama mwili uko sawa, tazama kilichobadilika nyumbani au shuleni. Asichekwe, na shuka zisianikwe kama tangazo. Ambaye hajawahi kuacha kabisa si wa ajabu: akiwa na miaka 7, kati ya watoto 100, 5 hadi 10 bado wanalowesha kitanda.

Alale saa ngapi?

Kuanzia miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12 kwa siku. Simu ilale chumba kingine. Nusu ya hasira tunazoletewa asubuhi ni usingizi.

Hali ya nyumbani ni ngumu mwezi huu. Naona aibu kusema.

Mtoto tayari anasema, kwa namna yake: anakuja bila kula, anaficha viatu chini ya dawati, anakataa safari ya darasa akidai haipendi. Mwambie mtu mmoja tu, mwalimu wa darasa au wa unasihi, si lazima ofisi nzima. Kuna michango inayoweza kusubiri, sare zilizoachwa na waliokua, na huduma za ustawi wa jamii ambazo barua ya shule inaweza kukufungulia mlango. Vitu vya mtoto hukabidhiwa kwako, si kwake mbele ya wenzake. Tulijifunza hilo kwa kukosea: tulimkabidhi binti viatu vipya mstarini asubuhi, tukidhani tunamfurahisha. Alivaa vya zamani wiki nzima iliyofuata.

Mimi mwenyewe nimechoka. Naweza kuja kwa ajili yangu?

Ndiyo. Hatutoi tiba kwa watu wazima, lakini tunaweza kukaa na wewe nusu saa, tukusikilize, na tukuelekeze kwa anayeweza. Ukimlipukia mtoto asubuhi, jioni mwambie: "Asubuhi nilipiga kelele. Nilikuwa nimechoka, halikuwa kosa lako." Hutapoteza heshima.

Amesema anatamani kufa. Ni maneno ya kitoto tu?

Yachukulie kwa uzito kila mara, hata akiwa na miaka saba. Kaa naye, punguza sauti, muulize moja kwa moja anamaanisha nini na kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na dawa, sumu na vyenye makali viwekwe mbali. Kama amekuambia namna atakavyofanya, au ameshajiumiza, nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, si kesho. Nchi nyingi zina simu ya bure ya watoto: 116 inatumika katika nchi kadhaa za Afrika, na 116 111 katika nchi nyingi za Ulaya. Sisi tupigie muda wowote wa kazi, na usiombe radhi kwa kutusumbua.

Nikija, nianzie wapi? Sijui hata niseme nini.

Huhitaji kujua tatizo ni nini. Njoo na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako: "Ameacha kuimba akioga." "Anauliza mara tatu nani atakuja kumchukua." "Jumapili jioni hali chakula." Sentensi moja ya hivyo inatutosha kuanzia. Ukiona haya kuisema, iandike kwenye karatasi umpe mwalimu getini, nasi tutakupigia.